Picha ya Pamoja ya Idara ya Siri

Wanawake wengine wakiachwa hulia. Mimi nilipoachwa nilihojiwa.

Niliketishwa kwenye kiti cha chuma, katika chumba kile kile nilichozoea kuwahojia wengine, na Mkuu wa Idara akaniuliza inakuwaje jasusi mwenye sifa kama zangu alale kitanda kimoja na jasusi wa adui miaka yote ile bila kunusa kitu. Nikamjibu kwamba nilinusa mafuta ya nywele. Hakucheka. Mume wangu, ambaye tulikuja kujua baadaye kwamba kwao wanamwita Kinyonga, alitoka asubuhi akisema anakwenda kununua mkate. Mkate sijauona hadi leo. Usiku nilipokuwa nimelala alikuwa ameshapekua mkoba wangu na kupata alichokuwa akikitafuta tangu siku aliyonichumbia, yaani mahali alipojificha mdogo wangu.

Mdogo wangu tulimwita Chiriku, kwa sababu mdomo wake haukujua likizo. Yeye na mimi tulikuwa kazi moja. Wakati huo alikuwa ng'ambo ya mpaka, amejifanya kinyozi, ana kibanda mbele ya kambi ya adui, anawanyoa maofisa wao na kuwachota maneno. Wakamkamata mkasi ungali mkononi, na ofisa mmoja kichwa nusu.

Mama si mtu wa kupiga kelele. Aliniita sebuleni akaniambia, "Wewe ndiye uliyemleta yule mtu mezani kwangu. Nirudishie mwanangu." Basi. Tangu siku hiyo nikienda kumwamkia huitikia akiwa amenipa mgongo.

Idara haikunifukuza. Ingenifukuza ningeshukuru. Walinishusha hadi jikoni, nikawa mpika chai, na wale vijana niliowafundisha mimi mwenyewe kupanda kuta wakaanza kuniita Mama Chai na kunilalamikia kwamba sukari imezidi. Nilitabasamu nikawaongezea sukari. Moyoni nilikuwa na jambo moja tu: Kinyonga atakiona cha mtema kuni, na siku akikiona nitakuwa nimesimama pale pale.

Ila nilimtaka mzima. Wakubwa zake hawatoi mfungwa bure. Wangemtoa Chiriku kwa mtu wanayemthamini tu, na huyu alikuwa kipenzi chao. Kwa hiyo hata jino lake moja lisingeng'oka. Hilo lilinitesa, maana meno yake niliyawaza sana.

Shida ilikuwa kumjua. Kinyonga hubadili sura kama wengine tunavyobadili soksi. Nikaanza kumshuku kila mtu. Nilimfungia daktari wa meno ndani ya kabati lake. Nilimfukuza mwanamama mmoja mnene sokoni hadi akapanda juu ya meza ya mchuuzi wa viatu. Siku nyingine, ndani ya lifti, nilizivuta ndevu za jaji mmoja mstaafu, na zikawa ndevu zake, mali yake halali. Mkuu aliniita ofisini akaniambia nikirudia tena hata jikoni sitaingia.

Ndipo akaja Profesa.

Profesa alikuwa mzee mwenye kitambi cha heshima, ndevu za mvi na miwani minene. Alialikwa kutoka mbali kuja kuwafundisha vijana wa Idara namna ya kumtambua mtu aliyejibadili sura. Mkuu alimpokea kwa mikono miwili akamvika kilemba cha ukoka mbele ya wote, eti dunia nzima haina jicho kama lake. Nilipoingia na sinia la chai alikuwa ubaoni akieleza jinsi ya kugundua ndevu za bandia.

"Gundi yake huonekana kwenye jua," alisema. "Msiogope kumsogelea mtu. Mlaghai hapendi kusogelewa."

Vijana wakaandika. Mimi nikaweka kikombe mbele yake. "Ahsante, mama," akasema bila kunitazama, na mimi sikuhisi chochote. Nasema kweli: sauti haikuwa yake, mikono haikuwa yake, hata harufu haikuwa yake. Nikarudi jikoni kusuuza vikombe.

Jikoni kwetu kuna kidirisha cha kupitishia vyombo, na kutoka pale unaliona darasa lote. Vijana walipotoka kupunga upepo, Profesa alibaki peke yake. Akatazama kushoto, akatazama kulia, akachukua kikombe chake, akamwaga lile funda la mwisho ndani ya chungu cha maua kilichokuwa pembeni. Kisha akaugonga udongo kwa kifundo cha kidole, ko, ko.

Kijiko kilinitoka mkononi.

Huko kwao majasusi hufundishwa kwamba sumu hutuama chini, kwa hiyo hawamalizi kinywaji. Tena hawaachi mabaki kwenye kikombe, mtu asije akachukua mate yao akayapima. Hayo nimeyajua baada ya kuachwa. Nilipokuwa mke nilichojua ni kwamba maua yangu yote ya sebuleni yalikuwa yakifa, na mume wangu alikuwa akiugonga udongo wa kila chungu, ko, ko, huku akinipa pole na kusema labda ni jua. Maua yangu! Nilikuwa nayaongelesha asubuhi na jioni, nayahamisha dirisha hadi dirisha, na huyu mwanaharamu ananipa pole.

Birika la maji ya moto lilikuwa karibu, na kidirisha kilikuwa wazi. Mkono ulianza kwenda wenyewe. Nikamkumbuka Chiriku, nikaushusha, nikaenda kwa Mkuu.

"Profesa ni Kinyonga," nikamwambia.

Mkuu alifunga macho. "Dada yangu, juzi alikuwa jaji."

"Jaji nilikosea. Huyu nimemwona akimwagia ua chai."

"Akimwagia ua chai."

"Ndiyo, Mkuu. Kisha akagonga udongo."

"Sikiliza, dada. Naelewa umeumia. Hata mimi mke wangu aliwahi kwenda kwa mama yake akakaa huko. Lakini ukimgusa mgeni wangu hata kwa kidole, chai ya Idara hii utaisikia harufu yake ukiwa barabarani. Umenielewa? Na uandae vikombe vya kutosha, semina ikifungwa kutakuwa na picha ya pamoja."

Nilidhani sikumsikia vizuri. "Picha ya nani?"

"Ya Idara yote. Profesa ndiye aliyependekeza, na kamera anayo. Semina gani haina picha ya pamoja?"

"Mkuu, sisi ni Idara ya siri."

"Kwani nimesema itabandikwa sokoni? Itakaa ofisini kwangu, na mlango una kufuli."

Hapo njama nzima ikanikalia wazi. Kinyonga hakuja kuiba kitu chochote. Alikuja kuzichukua nyuso zetu zote kwa mkupuo mmoja, na sisi wenyewe tungejipanga, tukachana nywele na kumtabasamia. Baada ya hapo kila kijana wetu aliyeko ng'ambo angekwenda kulala alikolala Chiriku. Na Chiriku mwenyewe asingetoka tena, maana tusingekuwa na kitu cha kumbadilishia.

Mkuu aliwaita hata waliokuwa mbali. Idara ya siri ikapiga pasi. Watu ambao kwa miaka hawajawahi kuonana walianza kuingia uani mwa ofisi wakiwa na tai mpya, na kila dakika ukisikia, "Kumbe na wewe!" Mmoja alimkuta mwenye nyumba wake, wakaanza kubishana kuhusu bomba linalovuja. Mwingine alimkuta fundi wa saa ambaye amemfuatilia tangu mwaka uliopita kwa kumdhania ni adui. Fundi naye alikuwa akimfuatilia yeye. Wakakumbatiana.

Kisha Profesa akasema wajipange, na hapo ndipo mambo yalipogoma. Jasusi aliyefundishwa vizuri hasimami mahali ambapo kuna mtu nyuma yake. Wote, kuanzia mkubwa hadi mdogo, wakaenda kuegemea ukuta. Safu ikatoka kwenye tangi la maji ikafika chooni.

"Hamwenei kwenye kamera," Profesa akasema. "Baadhi yenu njooni mbele."

Hakuna aliyesogea. "Nije mbele, halafu nyuma yangu asimame nani?" akauliza jamaa mmoja mkubwa ambaye tunamwita Tingatinga.

"Mwenzako!"

"Ndiye huyo huyo ninayemwogopa."

Profesa akaanza kutokwa jasho. Mkuu akaamuru, akabembeleza, akatishia mishahara, ukuta ukabaki na watu wake. Nikaona mlango wangu umefunguka. Nikaweka sinia chini, nikajifuta mikono kwenye aproni.

"Jamani, nisikilizeni mimi Mama Chai," nikasema. "Mnachoogopa ni mikono ya aliye nyuma. Basi kila mtu ashikane mikono na jirani yake, kiwiko ndani ya kiwiko, mkaze kabisa. Hivyo kila mmoja atajua mikono ya mwenzake iko wapi."

Walitazamana. Ilikuwa na mantiki. Wakatoka ukutani mmoja mmoja, wakapanga mistari, wakafungana viwiko hadi viungo vikalia. Mkuu aliniangalia kwa shukrani, maskini, jambo ambalo hakulifanya tangu nishuke jikoni.

"Na mwalimu je?" nikauliza. "Picha ya semina bila mwalimu?"

"Mimi nitapiga," Profesa akasema haraka.

"Mwalimu! Mwalimu!" vijana wakaanza kupiga kelele. Profesa akakataa. Mkuu akamsihi, akasema asipoingia ataona amedharauliwa yeye binafsi. Mtu aliyejifanya mgeni wa heshima hana namna ya kukataa heshima. Akavutwa katikati, Tingatinga upande huu, na upande ule dada mmoja tunayemwita Nondo, ambaye kabla ya kuja Idarani alikuwa akibeba vyuma kwenye mashindano. Wakamfunga viwiko. Kamera ikabaki ikining'inia shingoni mwake, nikaenda nikaivua kwa adabu zote.

Tulikuwa uso kwa uso. Nikaitia kamera kwenye mfuko wa aproni, nikazishika ndevu kwa mikono miwili, nikavuta kwa uchungu wangu wote.

Hazikutoka. Alikuwa amezifuga.

"Amemwaga unga!" Mkuu akapiga ukelele. "Dada, umemwaga unga wako leo! Mwachie mgeni wangu, ondoka hapa!"

Profesa machozi yalikuwa yakimlenga, lakini nyuma ya miwani ile nilimwona akicheka. Kicheko kile nakijua. Ndicho alichokuwa akinicheka siku zote nilipokuwa nalilia maua. Nilitaka kumtafuna.

Nikashusha pumzi. "Naondoka, Mkuu. Lakini niruhusu nimwombe mzee radhi." Nikamimina chai kwenye kikombe, chai ile ile wanayokunywa wote, nikampelekea. "Mzee, kunywa, unisamehe. Kunywa yote, ndipo nitajua umenisamehe."

"Kunywa tu, Profesa, tuyamalize," Mkuu akasema.

Mikono yake ilikuwa imefungwa, nikamnywesha mwenyewe, taratibu, nikimtazama. Akanywa vizuri tu. Alikunywa hadi likabaki funda la mwisho, akafunga mdomo. Nikaendelea kuinamisha kikombe. Akageuza shingo. Nikamsogelea sikioni nikamnong'oneza, "Malizia, mume wangu. Nimekupikia mimi mwenyewe."

Profesa wa kweli angeshangaa. Angesema mama huyu kachanganyikiwa, angemeza na kwenda zake. Lakini huyu alijua ni nani aliyepika, na alijua amenifanyia nini. Akatema chai hadi kwenye tai ya Mkuu, akaruka, akapiga mateke, akawatukana kwa lugha ya kwao. Kitambi kikamshuka hadi magotini.

"Msimwachie!" nikasema. Tingatinga na Nondo hawakuwa na nia hiyo.

Chai haikuwa na kitu, bwana. Sukari ilizidi tu.

Wiki zilizofuata zilikuwa zangu. Adui alileta ujumbe: wako tayari kumtoa Chiriku wapewe mtu wao. Mkuu akakataa katakata. Alikuwa amekonda kwa aibu, lakini sababu yake ilikuwa ya kweli.

"Picha hakuipata, sawa," akaniambia, "lakini amewaona vijana wangu wote kwa macho yake. Akirudi kwao atawachora hata kwa mkaa. Samahani, dada. Siwezi kumwokoa mmoja nikawapoteza wote."

"Na kama akirudi wasimwamini?"

"Wasimwamini vipi? Ni mboni ya jicho lao."

"Nikabidhi funguo za chumba chake," nikasema. "Na siku ya kubadilishana nimsindikize mimi."

Akanikabidhi. Kuanzia siku hiyo Kinyonga alilala kwenye godoro jipya. Alikula asubuhi, mchana na jioni, nyama mnofu, matunda yaliyomenywa. Nilimletea kinyozi, nikamwagizia suti ya kupimwa. Walinzi walininong'ona kwamba mwanamke huyu bado anapenda, na Mkuu mwenyewe alianza kuniangalia kwa wasiwasi. Kinyonga ndiye aliyefurahi kuliko wote.

"Nilijua bado unanijali," akaniambia siku moja, akijipapasa shavu ambalo lilikuwa limeanza kunawiri. "Mambo ya kazi ni mambo ya kazi, mke wangu. Mdogo wako mwenyewe angefanya hivyo hivyo."

"Ongeza nyama," nikamwambia.

Siku ya siku tulifika darajani asubuhi kweupe, Mkuu na vijana wake wakabaki nyuma ya kizuizi. Ng'ambo walisimama wakubwa zake watatu, suti nyeusi, mmoja ameshika darubini. Makubaliano yalikuwa wafungwa waanze kutembea kwa pamoja, kila mmoja na msindikizaji wake hadi katikati, wapishane, kila mtu aende kwao.

Nilimwona Chiriku kwa mbali nikadhani wamemleta mtu mwingine. Shati lilikuwa likimcheza mwilini. Alitembea kwa kuburuza mguu mmoja, na aliponifikia hakusema neno. Mdogo wangu, ambaye hata usingizini alikuwa akizungumza, alinipita amenyamaza akitazama chini, na nikaona vidole vya mkono wake wa kunyolea vimepinda kusikopindika. Nilitamani kumshika. Sikumshika. Nikasimama nikisikiliza ule mguu ukiburuzwa nyuma yangu, taratibu, hadi Mkuu akapiga mluzi kwamba amevuka kizuizi.

Nilikuwa nimejiuliza usiku mwingi kama wakati ukifika nitamwonea huruma. Nilimtazama mume wangu katika suti yake, amenona, amenyolewa, ananukia, nikaitafuta huruma hiyo kila pembe ya moyo wangu. Haikuwepo.

Alikuwa ameshaanza kuondoka. Nikamshika bega, nikamgeuza, nikamkumbatia kwa nguvu. Nikambusu shavu hili na shavu lile. Nikamnyooshea kola. Kisha nikapaza sauti ili daraja zima linisikie.

"Ahsante sana, mpenzi! Bila wewe tusingewajua watu wao wote! Kazi yako hatutaisahau!"

Nyuma yangu Mkuu, ambaye si mwepesi lakini akielewa anaelewa, akaanza kupiga makofi. Tingatinga akafuata, Nondo akafuata, na vijana wote wakamshangilia Kinyonga kama bwana harusi.

Nilihisi mwili wake ukifa ganzi mikononi mwangu. Akageuka akawatazama wakubwa zake. Yule mwenye darubini alikuwa ameishusha, ameinama anamwambia jambo mwenzake.

"Waambie unatania," akaninong'oneza. Sauti ya Profesa imekwisha, ya mume wangu imekwisha, imebaki moja ambayo sijawahi kuisikia. "Mke wangu, nakuomba. Nirudishe. Nifungeni huko huko kwenu, nifungeni maisha. Unajua watakachonifanya."

"Najua," nikamwambia. "Nimeona vidole vya mdogo wangu."

Nikamsukuma kidogo mgongoni, kwa upole, jinsi mke anavyomsukuma mume anayechelewa kazini. Akaenda. Nusu ile ya daraja aliitembea kana kwamba viatu vimejaa mchanga. Wakubwa zake hawakumpa mkono. Walifungua mlango wa gari, wakasimama kila upande wake.

Nilirudi kinyumenyume hadi kwenye kizuizi, Chiriku akanishika kiwiko. "Dada," akasema kwa sauti kavu. "Baridi. Twende kwa Mama."

"Nenda garini, mdogo wangu. Nakuja sasa hivi."

Kinyonga aligeuka mara moja kabla ya kuingia, akanitafuta kwa macho. Nilikuwa nimeshainua mkono juu, nampungia kwa furaha, mkono mzima, wakubwa zake wakiona. Na niliendelea kumpungia hata mlango ulipokwisha fungwa.